Mbavu Mbili kwa Mchezo wa Daraja

Vijana wa chumba cha habari, siku ile mliponipa keki na saa ya ukutani mliniomba niwaandikie mambo machache niliyojifunza kazini. Kumpa saa mtu aliyestaafu ni kejeli, lakini keki ilikuwa nzuri, kwa hiyo naandika. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini, na habari za mshahara tuziache zilale. Nitawaambia nilivyoanza, kisha nitawaambia juu ya kazi moja niliyoiharibu mwaka 2007. Najua mnaisimulia mkinywa chai, na mnaisimulia vibaya.

Nilitoka Elburgon, binti wa mpasua mbao, nikaingia katika gazeti letu la kila wiki pale Nakuru kama msomaji wa prufu. Siku ya kwanza nilipewa kiti chenye miguu mitatu na nusu, kalamu nyekundu na rundo la matangazo ya vifo. Wiki ya pili nilipitisha kurasa mbili zilizobadilishana picha. Marehemu mmoja wa Njoro akatokea kwenye ukurasa wa kilimo kama mshindi wa maonyesho, na fahali aliyeshinda akatokea kwenye ukurasa wa vifo, ameacha mjane na watoto saba. Familia ya marehemu walinisamehe. Mwenye fahali alikuja ofisini na fimbo.

Aliyenificha siku hiyo, nyuma ya kabati la faili, ni Bi. Nyaboke, mhariri msaidizi, mama wa sauti ya chini na kalamu kali. Fimbo ilipoondoka alinitoa, akanifunza kusoma ukurasa kutoka mwisho kwenda mwanzo, neno moja moja, ili akili isipate nafasi ya kuona inachokitaka. Mpaka leo nasoma hivyo hata risiti za dukani, na wanangu wanadhani nina kasoro.

Bi. Nyaboke ndiye aliyekuwa na safu ya Ijumaa ya kupima bucha za nyama choma za Kikopey, kando ya barabara kuu ya Nairobi. Gauti ilipomshika na daktari akampiga marufuku nyama nyekundu, alilia kwa siku mbili, kisha akanirithisha safu. Alinipa pia kisu chake kidogo, daftari la jalada gumu na sharti moja: nile sehemu tatu za mbuzi kabla ya kuandika, yaani ubavu, mguu, na kile kipande ambacho mwenye bucha hataki nionje. Basi nikawa mwanamke wa pekee barabara nzima ile anayeagiza kilo na nusu akiwa amekaa peke yake. Wahudumu waliniletea soda wakaniuliza, "Madam, mzee bado anapaki gari?" Nikawajibu mzee ni mimi, leteni nyama.

Alama zetu zilikuwa mbavu. Mbavu tano, ukae hapo mpaka ufukuzwe. Ubavu mmoja, ombeni dua. Tulitaka kutumia nyota kama magazeti mengine, ila nyota zote za mchoraji wetu zilikuwa zimechukuliwa na ukurasa wa utabiri, na kuchora mpya alikuwa mvivu. Ubavu alionichorea ulipendwa na wasomaji hata Mhariri akaamuru utumike kwa kila kitu. Nikapima kwa mbavu kwaya, vinyozi, mabendi ya harusi, na hata mhubiri mmoja wa hema. Mwalimu wa kwaya fulani niliyempa mbavu tatu alinipigia simu kuniuliza kama hizo ni za sauti ya kwanza au ya pili.

Sikuwahi kubadilisha alama. Nililia kwa sababu ya alama, nilitukanwa, wakati mmoja niliachwa Gilgil na mpigapicha aliyekuwa shemeji wa mwenye bucha, lakini sikubadilisha. Nilijivunia hilo kupita kiasi, na mtu anayejivunia kitu hivyo huwa hajichungi.

Sasa tuingie 2007. Nakuru ilikuwa haijaitwa jiji, uchaguzi ulikuwa mwisho wa mwaka, na kila mtu mjini alikuwa na timu yake na matusi yake. Mwezi wa Novemba alikuja ofisini mama mmoja wa Kisikh, mzaliwa wa Nakuru, tuliyemwita Mama Simran. Familia ya mumewe ilikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na yeye alikuwa amefungua saiba, chumba cha kompyuta na intaneti za kulipia, ghorofa ya juu ya duka hilo. Alitaka nipime mchezo wa kompyuta.

"Si nyama, najua," akaniambia. "Lakini watu wanasoma zile mbavu zako kuliko ukurasa wa kwanza."

Mtu akikusifia hivyo, akili inapungua. Nikamwambia nitakuja.

Mchezo wenyewe ulikuwa na jina refu la Kizungu, na vijana wa saiba waliuita Daraja, kwa kuwa vita vyake vyote viliishia kwenye daraja moja la chuma. Ni timu mbili za watu sita, Kijani na Manjano. Kila mtu ana kazi yake: mmoja anapasua njia, mwingine anajenga vizuizi, mwingine anatibu. Wachezaji wote ni watu wa kweli, kila mmoja kwenye kompyuta yake, na kabla ya kuanza ni lazima mchezo upige hodi kwa wenyewe ng'ambo kupitia intaneti. Haya yote nawaambia sasa. Wakati ule sikuyajua, na ndiyo sababu nyinyi mna cha kusimulia.

Mama Simran alinichapia karatasi za wahakiki wa ng'ambo nizisome kwanza. Lo, walivyousifu! Mmoja alisema hajawahi kupendana na watu asiowajua kama alivyopendana na timu yake. Mwingine alisema amecheza michezo ya risasi maisha yake yote na huu ndio wa kwanza uliomfanya amshukuru mtu. Nikasoma kutoka mwisho kwenda mwanzo, na bado sikuona kosa. Nikaamua wamelishwa. Mimi najua jinsi mhakiki anavyolishwa, maana nimekataa figo nyingi za bure.

Nilikwenda siku ya Jumanne mchana. Mama Simran alikuwa ametoka, na kule barabarani watu wa mitaro walikuwa wamekata waya, kwa hiyo intaneti haikuwepo. Saiba ilikuwa tupu. Mimi nikaona tupu ni nzuri, nitafanya kazi kwa utulivu. Nikafungua Daraja. Kitufe kikubwa kilikuwa kimefifia na hakibonyezeki, nikabonyeza kile kidogo cha chini yake.

Nikajikuta uwanjani na bunduki. Mbele yangu walisimama watu wa manjano, wamenyooka kama wanaimba wimbo wa taifa. Nikampiga mmoja. Akaanguka, akasimama tena, akanitazama bila kinyongo. Nikampiga wa pili, mambo yakawa yale yale. Nikatembea nikavuka daraja zima, na hakuna aliyeniuliza naenda wapi. Baada ya dakika ishirini niliona nimeshiba, nikafunga daftari na kwenda kunywa chai.

Ijumaa safu ikatoka, na nakiri niliiandika kwa raha. Niliandika kwamba maadui wa mchezo huu wana adabu kuliko majirani zangu, ukiwapiga hawalipizi. Niliandika kwamba nimeona kondoo wakipigana kwa bidii kubwa zaidi, na kwamba wahakiki wa ng'ambo wanaodai walipata marafiki mle ndani watafutiwe kanisa. Nikatoa mbavu mbili: mmoja wa daraja, ambalo limechorwa vizuri, na mmoja wa kiti cha saiba, ambacho kina mgongo. Mhariri wetu, Bwana Gichuhi, alicheka mpaka akafuta miwani. Hakuwa mtu wa kucheka, na mimi nikatembea siku nzima nikiwa nimefutuka kama chapati.

Jumamosi asubuhi mwanamke mmoja aliingia ofisini na gazeti limekunjwa mkononi. Alikuwa amevaa sare ya muuguzi, viatu vyeupe na uso wa mtu aliyetoka zamu. Jina lake Chebet, nahodha wa timu ya Daraja ya Nakuru.

"Sasa, mathe. Ni wewe unaandikanga hizi mbavu?"

"Ni mimi."

"Hii gemu ulicheza ama ulihadithiwa?"

"Nilicheza."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Akavuta kiti akakaa, akanitazama kama mgonjwa aliyekunywa dawa ya kupaka.

"Mathe, hiyo ni mazoezi. Hao watu wa manjano ni sanamu, wamewekwa hapo mtu ajue kushika bunduki. Intaneti ikipotea inabakinga hiyo tu. Ni kama uende uwanjani Jumatano, upate magoli mbili na mbuzi inakula nyasi, alafu uandike mechi ilikuwa imepoa."

Watu wawili kwenye meza ya michezo wakainama chini ya dawati, wanatafuta kalamu ambazo hazikuwa zimepotea. Masikio yangu yaliwaka moto. Bi. Nyaboke alikuwa amefariki miaka mitatu kabla, na nilishukuru kwamba hayupo, jambo ambalo sikuwahi kulifikiria na sijajisamehe bado. Nilikuwa nimehukumu mbuzi mzima kwa kuangalia kwato.

"Hiyo si shida kubwa," Chebet akaendelea. "Shida kubwa iko kwa saiba. Twende."

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Mama Simran alikuwa ameandaa mashindano ya Jumamosi iliyofuata, Nakuru dhidi ya Elburgon. Mwenye bucha mmoja wa Kikopey, Bwana Mureithi, alikuwa ameahidi mbuzi wa washindi na, lililo muhimu zaidi, jenereta, maana mwezi ule stima Nakuru ilikuwa ikipotea kila Jumamosi. Mureithi alikuwa msomaji wangu mwaminifu. Ijumaa alisoma safu, akapiga simu kwa Mama Simran akamwambia hawezi kuweka mbuzi wa mbavu tano mbele ya mchezo wa mbavu mbili, watu watamcheka. Akazifuta ahadi zote mbili.

Mama Simran alinipokea juu ya ngazi. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza.

"Shemeji zangu wanataka hii floo iwe stoo ya saruji," akasema. "Wamesema watakuja Jumamosi kuona mwenyewe. Wakipata imejaa watu, wataniacha. Wakipata giza na viti, Jumatatu saruji inapanda hii ngazi, na mimi narudi chini kuuza misumari. Miaka kumi na moja nimeuza misumari, dada. Hii saiba ndio kitu ya kwanza nimewahi kuwa nayo yangu."

Nikasema samahani. Neno lenyewe lilitoka dogo sana. Chebet akanivutia kiti chenye mgongo, kile kile nilichokipa ubavu.

"Kaa. Kwanza ucheze, ndio ujue unaomba msamaha ya nini."

Waya ulikuwa umeungwa, na stima ya Jumamosi ilikuwa haijapotea bado. Wana Elburgon sita walikuwa wamefika na lori la mbao kama walivyozoea kila Jumamosi, bado wana vumbi la msumeno kichwani, na mmoja alikuwa akinuka msonobari kama baba yangu. Nikaingizwa timu ya Kijani, nikapewa kazi ya daktari. Nikamuuliza Chebet kwa nini asiwe daktari yeye, naye ndiye anayeijua kazi.

"Nimetibu watu wiki mzima," akasema. "Hapa nataka kupiga mtu risasi."

Daktari wa Daraja hana bunduki ya maana. Ana bomba la dawa, kazi yake ni kumfuata mwenzake mgongoni na kumpulizia asife. Nikampata mtu mmoja mkubwa, nikamfuata kwa uaminifu, nikampulizia kwa nguvu zangu zote kona baada ya kona. Dawa haikushika. Kutoka upande wa pili wa chumba nikasikia sauti ya Elburgon:

"Mathe! Mimi ni adui!"

"Nilijuaje?"

"Mimi ni wa manjano!"

"Si useme mapema!"

Akanipiga risasi akiomba radhi. Nikafufukia nyuma, nikarudi, nikafa. Nikarudi tena nikafa tena, mara nyingine kwa kutumbukia mtoni bila kusukumwa na yeyote. Hakuna aliyenicheka kwa ubaya. Walinielekeza, wakinipigia kelele wote pamoja: kushoto mathe, nyuma yake mathe, inama! Watu hawa wangekutana barabarani mwezi ule wangeulizana kwanza wewe ni wa chama gani. Mle ndani swali lilikuwa moja tu, nani anamlinda Chebet.

Mwishowe ikabaki dakika ya mwisho, na Chebet akaingia darajani akikimbia. "Mathe, usiniache!" Nikamshika mgongo. Risasi zilikuja kama mvua ya mawe ya Molo. Yeye akipungukiwa nampulizia, nikipungukiwa mimi mtu wa vizuizi ananikinga, na aliyekuwa akinikinga alikuwa mwalimu mwenye tai ambaye hatukuwa hata tumesalimiana. Tukavuka. Chumba kikalipuka. Mimi, mtu wa miaka arobaini na tatu, nilikuwa nimesimama juu ya kiti nikimkumbatia mwalimu mwenye tai. Niliposhuka nikagundua kwamba daftari langu liko kwenye mkoba, halijafunguliwa. Tangu nirithi safu lilikuwa halijawahi kubaki kwenye mkoba nikiwa kazini.

Wale wahakiki wa ng'ambo hawakuwa wamelishwa chochote. Walikuwa wamesema kweli, na mimi niliwatukana kwa sababu sikuwa na mtu wa kucheza naye.

Jumatatu nilimwendea Bwana Gichuhi na safu mpya na neno "masahihisho" juu yake. Hakuisoma.

"Hili gazeti halisahihishi mbavu," akasema. "Tukisahihisha huu mchezo leo, kesho atakuja yule wa kwaya, kesho kutwa vinyozi. Tutamaliza lini? Halafu ile safu imependwa. Mchungaji wetu ameisoma kanisani."

"Ni uongo, mkuu."

"Ni uongo umeandikwa vizuri."

Nilibisha mpaka katibu wake akafunga mlango. Safu haikutoka, na kwa hilo nilibaki na hasira naye mpaka alipostaafu. Gazeti lililofuata lingetoka Ijumaa hata hivyo, siku moja tu kabla ya mashindano, na Mureithi hangewahi kuleta jenereta. Basi Jumanne nikaenda mwenyewe.

Bucha ya Mureithi mnaijua, iko upande wa juu wa barabara. Mwaka ule alikuwa na ubao mkubwa mbele, umechorwa mbavu tano nyekundu na chini yake jina la gazeti letu. Nilizompa mimi, miaka minne nyuma. Mureithi alikuwa mtu mrefu, aproni safi siku zote, aliyekata nyama taratibu kama fundi cherehani.

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama: waya, sanamu za manjano, kitufe kidogo, dakika ishirini. Hakucheka. Akapangusa kisu.

"Kwa hivyo ulikosea."

"Nilikosea. Naomba umpe Mama Simran ile jenereta."

"Ngoja, madam. Kama unaweza kukosea gemu, unaweza kukosea nyama." Akaelekeza kisu kwenye ubao. "Na hizo?"

Hapo ndipo ilipokuwa kazi yangu yote. Kama ningesema zile ni za haki, angekuwa na sababu ya kushuku, na tungezungushana. Lakini mimi nilijua ukweli wa zile mbavu tangu siku niliyozitoa. Gari la ofisi lilikuwa limetuharibikia karibu na Naivasha, hatukuwa tumekula tangu usiku uliopita, na nilipofika kwake ningekipa hata kiatu mbavu tano. Nilikuwa nimelijua hilo miaka minne na kulifunika kwa kusema sibadilishi alama.

"Siku hiyo nilikuwa na njaa sana, Bwana Mureithi."

Mteja wa meza ya karibu aliacha kutafuna.

"Leo umekula?"

"Nimekula ugali na sukuma, saa sita."

"Keti."

Akaleta sinia mwenyewe. Ubavu, mguu, na bila kuombwa akaweka kipande cha shingo, ambacho hakuna mwenye bucha anayetaka uonje. Akaketi mbele yangu na kunitazama mdomo. Nimepima nyama mbele ya watu wenye fimbo, lakini sijawahi kuogopa kama siku ile. Nilitafuna nikijua jenereta iko nyuma ya nyumba, na neno moja tamu lingeipakia kwenye pikapu. Nilijua pia kwamba nikilisema hilo neno, basi sina tena kazi, nina tabia tu ya kula.

"Nne," nikasema.

"Kwa nini?"

"Nyama ni nzuri sana. Mguu umetolewa motoni mapema, mlikuwa na haraka. Na kachumbari imekatwa asubuhi."

Akachukua kipande cha mguu, akakitafuna, akakitazama. Akaita jikoni kwa Kikuyu, maneno mawili, na mtu akajitetea, akaitwa tena. Kisha akanigeukia.

"Na hiyo gemu ni ngapi, ukisema ukweli?"

"Nne."

"Kama mimi?"

"Kama wewe."

"Ya tano imeenda wapi?"

"Stima ikipotea, hakuna mchezo."

Mureithi akainuka. Sikujua kama ananifukuza. Alikwenda nyuma, nikasikia mlango wa bati, na mtu akiulizwa kama pikapu ina mafuta.

Jumamosi stima ilipotea saa nne asubuhi, kwa heshima zote. Jenereta ya Mureithi ikanguruma kwenye ua wa duka, kati ya matangi ya maji, mbuzi wake amefungwa kando, na juu Daraja likawaka kwenye skrini kumi na mbili. Shemeji wawili wa Mama Simran walipanda ngazi mikono nyuma, wakakuta hakuna pa kusimama. Nilimwona yule mkubwa akitafuta ukuta wa kuegemea na kukosa. Kufikia raundi ya tatu alikuwa anamfokea mchezaji wa Elburgon aangalie kushoto. Elburgon walishinda, mbuzi akapanda lori la mbao, na mimi nikafurahi kimya kimya kwa upande wa nyumbani. Jumatatu saruji ilikaa chini.

Ya Januari, machafuko yale ya baada ya uchaguzi, sitayafanyia mzaha. Mnajua mji wetu ulipitia nini. Saiba ilifungwa kwa majuma mengi, Chebet alifanya kazi wodini bila kuhesabu siku, na kati ya wale kumi na wawili wa Jumamosi ile, watatu hawakurudi kukaa Nakuru. Mwalimu mwenye tai ni mmoja wao. Nimeuliza habari zake mara nyingi. Mama Simran alipofungua tena alinipigia simu, nikaenda nikakaa tu.

Mwezi wa Mei 2008, barabara zilipokuwa zimetulia, nilipita Kikopey kikazi kwa mara ya kwanza tangu siku ya ugali. Bucha zote zilikuwa zimegundua biashara ya mbavu. Jirani wa Mureithi alikuwa amechora sita, yule wa ng'ambo ya barabara saba, na mmoja amechora mbuzi mzima akitabasamu. Ubao wa Mureithi ulikuwa na nne. Wa tano ulikuwa umepakwa rangi nyeupe, mkono mmoja tu wa rangi, na wekundu ulionekana kwa chini.

Alikuwa mlangoni na aproni yake. Nilisimama mbele ya ubao nikazihesabu mbavu kutoka mwisho kwenda mwanzo. Nikamuuliza kama wateja hawamsumbui kuhusu ule uliofutwa.

"Wananiuliza kila siku ilienda wapi," akasema.

"Na unawaambia nini?"

"Nawaambia nilipea mama mmoja wa kompyuta huko Nakuru. Alikuwa anaihitaji kuliko mimi."